Barua ya wazi kwa marais na mawaziri wa nishati wa Afrika: tuanzieni huku Kusini

Waheshimiwa marais, mawaziri wa nishati, na nyie wakubwa wa Umoja wa Afrika mnaokaa Addis Ababa kupanga umeme wa bara zima, shikamooni.

Nawaandikia kutoka Mtwara. Mimi ni fundi sola, kazi yangu kupanda juu ya mabati ya watu Newala, Tandahimba, Nanyamba, mara nyingine navuka hadi Lindi vijijini, nafunga paneli, nabadilisha betri, nashuka. Sina digrii ya nishati. Ila nimezaliwa mkoa wenye gesi na nikakulia mkoa unaokatika umeme, na ni mkoa huo huo mmoja, ndo maana napata ujasiri wa kuwaandikia kwa sababu haya mnayoyajadili vikaoni sisi huku tushayaishi.

Ombi langu nalisema mapema msije mkachoka njiani. Litoeni bara hili kwenye makaa ya mawe, mafuta, gesi na nyuklia, wekeni mwaka wa mwisho unaojulikana na kila mtu, na huo umeme mpya wa jua, upepo, maji na jotoardhi uanzie kwa wale wanaokaa juu ya rasilimali zenyewe. Hilo la pili msilitenganishe na la kwanza, nawaomba sana, maana mkihama bila hilo la pili mtakuwa mmebadilisha mitambo tu na sisi tutabaki pale pale tulipo.

Nianze na gesi maana ndo tunayoijua. Songo Songo kule Kilwa iligunduliwa 1974, Mnazi Bay huku kwetu 1982, na mwaka 2004 ya Songo Songo ikaanza kwenda Dar kuzalisha umeme. Baadaye likaja bomba kubwa la kutoka Madimba huku Mtwara hadi Dar, zaidi ya kilomita 500, likazinduliwa 2015. Kabla ya hapo, 2013, watu wa Mtwara waliingia barabarani wakisema gesi haitoki, maandamano yalianza mwishoni mwa 2012, Januari vurugu zikaanza, Mei mambo yakaharibika zaidi, watu wakafa, nyumba zikachomwa, familia nyingine zikakimbilia porini na watoto. Sitaki kufukua makaburi. Nataka tu mjue wale watu hawakuwa maadui wa maendeleo, walikuwa wanauliza swali la kawaida kabisa, gesi ikiondoka sisi tunabaki na nini, na mpaka leo halijapatikana jibu ambalo mtu wa Msimbati, kijiji cha pale pale kwenye visima, anaweza kulishika mkononi akasema hili hapa.

Bomba lilijengwa, mitambo ya Kinyerezi ikawaka, nchi ikapata umeme, sawa, ni nchi yetu wote na Dar ikiwaka hata sisi tunafaidika. Ila Mtwara na Lindi tulikaa miaka na miaka nje ya gridi ya taifa tukitegemea mashine za gesi zilizopo hapa hapa mjini, mashine moja ikikorofisha mji mzima unaingia gizani, mwenye saluni anafunga, mwenye kuchomelea anakaa nje kucheza bao, mama anayeuza samaki pale feri anaanza kukimbizana na barafu kabla mzigo haujalainika.

Na jikoni ndo kabisa. Tunahimizwa kupika kwa gesi, na lengo la serikali ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, lengo zuri na mimi naliunga mkono kwa moyo wote kwa sababu nimeona macho ya bibi zetu yalivyoharibiwa na moshi. Lakini ile gesi ya mtungi wa kilo sita sio ya Mnazi Bay, ni nyingine kabisa, inaletwa na meli kutoka nje, inashushwa, inajazwa, inapakiwa kwenye lori, inasafiri mpaka Masasi. Ya kwetu inapanda bomba kwenda kaskazini, ya wenzetu inashuka na lori kuja kusini! Mjini kuna nyumba chache zimeunganishwa gesi ya bomba, ila ukitoka tu kidogo kwenda vijijini ni kuni na mkaa. Kwa hiyo mtu akiniambia gesi ndo itaikomboa Afrika namuuliza kwa heshima zote, aje anionyeshe kijiji cha huku ambacho ilikikomboa.

Sasa Lindi, pale Likong'o, kuna mradi mkubwa wa kupoza gesi ya baharini mpaka iwe kimiminika ili iuzwe nje, unatajwa kwa dola bilioni 42. Watu wameusubiri zaidi ya miaka kumi, wengine walijenga gesti, wengine walinunua viwanja kwa bei ya kukopa, mazungumzo yanaanza yanasimama. Mimi nauangalia hivi. Mradi kama huo hata ukisainiwa leo ujenzi wake ni miaka, unaanza kuuza katikati ya miaka ya 2030, na ili hela irudi unatakiwa uuze miaka thelathini hivi, na wanunuzi wenyewe, Ulaya, Japani, Korea, wameshatangaza kwamba 2050 hawataki tena hewa chafu ya ziada. Tutakuwa tumejifunga kuuza kitu ambacho mnunuzi ameshasema mapema kwamba anaacha kukitumia.

Ng'ambo ya Ruvuma kuna ndugu zetu, Wamakonde wenzetu, wanaoana na sisi na kuzikana na sisi. Kule Cabo Delgado, Msumbiji, mradi wa gesi wa dola bilioni 20 ulikuja kwenye ardhi ya maskini, na Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, mradi ukasimamishwa kwa miaka, watu wakavuka mto kukimbia na vita yenyewe ilishafika Kitaya upande wetu Oktoba 2020. Sisemi gesi peke yake ndo ilileta vita, mambo yapo mengi. Ila utajiri mkubwa ukishushwa sehemu ambayo kijana wa pale haoni nafasi yake ndani yake, unaongeza hasira juu ya hasira iliyokuwepo, na hilo mnalijua kuliko mimi.

Makaa ya mawe sasa. Tangu vita ya Ukraine ianze 2022 na Ulaya ikawa inatafuta makaa kila kona, barabara ya Songea, Tunduru, Masasi, Mtwara imekuwa barabara ya malori ya makaa kutoka Ruvuma kuja bandarini. Novemba 2021 pale Glasgow, kwenye mkutano wa tabianchi, dunia nzima ilikubaliana kupunguza makaa, mwaka uliofuata meli zikapanga foleni hapa kwetu. Kuna vijana wamepata kazi ya udereva, kupakia, kulinda, na hiyo hela imelipa ada za shule, siwezi kuikana. Ila wenye nyumba karibu na njia hizo waulizeni kuhusu vumbi jeusi, linaingia kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye maji ya ndoo, kwenye mihogo iliyowekwa juani, mtoto akikohoa mama hajui ni mafua au ni hilo. Bandari nyingine inajengwa Kisiwa Mgao kwa ajili ya mizigo michafu kama hiyo, mji utapumua, sawa, lakini Kisiwa Mgao nako kuna watu na kuna wavuvi. Makaa ukiyahamisha bandari bado ni makaa.

Nije kwenye nyuklia, maana naona siku hizi kila nchi inaitaka. Kituo kinachofanya kazi Afrika nzima ni kimoja tu, Koeberg kule Afrika Kusini, tangu 1984. Misri wanajenga El Dabaa, mitambo minne, megawati 4,800, kwa mkopo wa dola bilioni 25 kutoka Urusi. Bilioni 25! Mkopo kama huo haumalizwi na rais aliyeusaini, unakuja kulipwa na wajukuu zake. Na Juni 2025 Benki ya Dunia nayo ikafungua mlango wa kufadhili nyuklia ambao ilikuwa imeufunga miaka mingi, kwa hiyo najua mtashawishiwa sana, watakuja watu na makabrasha mazuri. Afrika Kusini walishawishiwa hivyo hivyo kununua megawati 9,600 kutoka Urusi, kina mama wawili, Makoma Lekalakala na Liz McDaid, wakasimama na mashirika yao wakaenda mahakamani, na Aprili 2017 mahakama ikasema mpango ule haukufuata sheria, bunge na wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Nchi ikaepuka deni ambalo lingeibana mpaka leo. Naomba tusisubiri kina mama waende mahakamani ndo tufikiri.

Halafu hiyo nyuklia ina mgodi wake, na mgodi upo jirani na sisi. Mkuju, Namtumbo, kuna urani, eneo lake lilikatwa kutoka pori la Selous mwaka 2012 na 2025 kiwanda cha majaribio cha kuchakata kikazinduliwa. Maji ya ukanda ule yanashuka Luwegu, Luwegu inaingia Rufiji, na Rufiji ndo ina bwawa letu la umeme, ina mashamba ya mpunga, ina kambamiti kule delta. Kabla hamjasema ni salama someni habari za Arlit, Niger. Wamechimba urani pale tangu miaka ya 1970, Ufaransa ikawasha taa zake, na mgodi wa Akouta ulipofungwa Machi 2021 uliacha takribani tani milioni 20 za mabaki yenye mionzi yamerundikwa jangwani karibu na mji wa watu. Na Niger yenyewe mpaka leo ni miongoni mwa nchi ambazo wananchi wake wengi kabisa hawana umeme. Sijawahi kufika Arlit ila nikisoma habari zao naona kama nasoma habari za nyumbani.

Najua hoja mnayoitoa na ni ya haki. Afrika nzima hatufikishi hata asilimia nne ya hewa ukaa ya dunia, watu kama milioni 600 hawana umeme, waliochafua ni wengine, kwa nini sisi ndo tuambiwe tuache? Mimi nakubaliana na kila neno hapo. Ila hii gesi tunayoitetea kwa jina la yule bibi wa Nanyamba asiye na taa, haiendi kwa yule bibi. Inakwenda kuuzwa. Yeye taa aliyonayo leo ni ya sola, nimemfungia mimi.

Na sola ndo niliyokuja kuiongelea hasa. Bei ya paneli imeshuka karibu asilimia 90 ndani ya miaka kumi kuanzia 2010, na sisi mafundi tumeiona kwa macho, paneli ambayo zamani ilikuwa ya mwenye duka kubwa tu sasa mkulima wa korosho akilipwa mnada wa kwanza anakuja kuulizia. Katika miezi kumi na mbili ya mpaka Juni 2025 Afrika iliingiza paneli za karibu megawati 15,000 kutoka China, ongezeko la asilimia 60 kwa mwaka mmoja. Afrika Kusini umeme ulipokuwa unakatwa kwa zamu kila siku, watu waliweka kwenye mapaa yao zaidi ya megawati 4,000, yaani wananchi wa kawaida, maduka, shule, walijenga zaidi ya mara mbili ya Koeberg bila kusubiri mtu. Hawakuhitaji miaka kumi na tano wala mkopo wa bilioni 25.

Mtaniuliza usiku je. Ni swali zuri na wateja wangu wote wanaliuliza. Nyumbani jibu ni betri, kwa taifa jibu mnalo tayari. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa, megawati 2,115. Mchana jua likiwaka paneli zibebe mzigo, maji yatulie bwawani, jioni saa moja watu wakirudi nyumbani na kuwasha kila kitu ndo mashine zifunguliwe. Bwawa linakuwa betri ya nchi. Na hapo hapo mnalikinga na ukame, kwa sababu kutegemea maji peke yake ni hatari, Zambia 2024 ziwa Kariba lilipungua maji mpaka watu wakawa wanapata umeme saa chache mno kwa siku. Kenya wana Olkaria, jotoardhi inayowaka usiku na mchana tangu 1981, na upepo wa Turkana megawati 310, na karibu asilimia 90 ya umeme wao sasa hautoki kwenye mafuta wala makaa. Hilo bonde la ufa lenye jotoardhi limeshuka mpaka Mbeya kwetu. Singida ina upepo, Kishapu wameanza mradi wa sola wa megawati 150. Laini ya Kenya na Tanzania ishaunganishwa, vuteni nyingine, jua la mmoja limsaidie mwenzake mwenye mawingu.

Niwaelezeni kitu kimoja cha huku ili muone nataka nini. Nyanda za juu za Makonde, Newala na Tandahimba, maji ni shida ya kihistoria, watu wanakinga ya mvua kwenye visima vya saruji uani, na maji ya bomba yanatoka bondeni kule Mitema yanasukumwa na pampu kupanda mlima mrefu. Umeme ukikata, maji yamekata. Umeme ukipungua nguvu, maji hayafiki juu, na dumu linapanda bei siku hiyo hiyo. Sasa pampu ya maji ndo kitu kinachopatana na jua kuliko vyote, haihitaji hata betri, jua likiwaka inasukuma, tenki linajaa, usiku maji yanashuka yenyewe. Mwanamke wa Newala huwezi kumfundisha faida ya nishati jadidifu kwa semina, mpelekee maji.

Ila na mabaya ya sola niyaseme, maana mimi ndo nayaona. Niliitwa zahanati moja, siitaji, friji la chanjo halifanyi kazi, paneli zipo juu zinang'aa, kila mtu anadhani sola imeshindwa. Nikafungua boksi, betri zimevimba zote, nati za tamino zimeota unga wa kijani, chaji kontrola imeungua. Mradi uliletwa na wafadhili, ukazinduliwa, picha zikapigwa, na kwenye bajeti hakuna aliyeandika senti ya kubadilisha betri baada ya miaka mitano. Nesi alikuwa anapeleka chanjo kwa pikipiki kwenye kikasha cha barafu. Kwa hiyo kila megawati mtakayoisaini iwe na fundi wake na hela ya matengenezo yake, muiandike kwenye mkataba, na vyuo vya VETA vya Mtwara na Lindi vifundishe hii kazi kwa wingi, wasichana na wavulana. Na paneli feki zizuiwe bandarini, maana mkulima akiuziwa feki mara moja hataki kusikia tena.

Wafanyakazi pia. Afrika Kusini walifunga kituo cha makaa cha Komati mwishoni mwa 2022, ahadi zilikuwa nyingi, lakini kazi mpya zilichelewa na mji ukanyong'onyea. Watu wa pale wakaanza kuichukia sola bila kosa lake. Wale vijana wa Madimba, Songo Songo, madereva wa makaa, walinzi, mama ntilie wanaowapikia, wapewe kazi nyingine kwanza ndo geti lifungwe. Visima vya gesi vilivyopo sasa viendelee kuwasha umeme wa nyumbani mpaka mwaka mtakaoutangaza, sisemi zimeni kesho, nasema msifungue vipya, msisaini makaa mapya, msisaini nyuklia.

Na hapa ndo moyo wangu ulipo. Betri za dunia nzima ndani yake kuna kinywe, yaani grafiti, kingi kuliko hata lithiamu. Kinywe kipo Ruangwa, kipo Nachingwea, kipo Masasi, na kimeshaanza kuchimbwa. Yaani huko dunia inakohamia, mali ghafi imelala tena chini ya miguu ya watu wa Lindi na Mtwara. Mtafanya nini nacho? Kitapakiwa kwenye magunia kiende China kirudi betri tununue kwa dola, au kiwanda kitajengwa Ruangwa? Watu wa pale watakuwa na hisa, au wataitwa kwenye mkutano wa hadhara kusikia kilichokwisha amuliwa Dodoma? Mkilifanya hili vizuri mtakuwa mmelijibu lile swali la 2013.

Hela najua ni tatizo. Nchi zetu zikikopa kujenga sola riba inakuwa mara mbili au tatu ya wanayokopa matajiri kwa paneli zile zile na jua letu ni kali kuliko lao. Hapo ndo mgombane nao, na hapo tutawaunga mkono. Septemba 2023 mlikaa Nairobi mkasema umeme jadidifu wa Afrika utoke gigawati 56 ufike 300 ifikapo 2030. Januari 2025 mkaja Dar mkaahidi watu milioni 300 wapya wapate umeme ifikapo hiyo hiyo 2030. Hizo ni ahadi zenu wenyewe, hakuna mzungu aliyewalazimisha, na tarehe yake haiko mbali.

Ninachowaomba kwa sasa ni vitu vitatu tu. Kila nchi itangaze mwaka wa mwisho wa makaa, mafuta na gesi kwenye umeme wake, na itamke wazi kwamba nyuklia haipo kwenye mpango. Mikataba ya urani na kinywe iwekwe hadharani kwa Kiswahili, watu wa Namtumbo na Ruangwa waisome kabla ya saini. Na kikao kimoja cha mawaziri wa nishati kifanyike Mtwara. Njooni kwa barabara, mpite Somanga muone pale barabara ilipokatwa na mafuriko ya kimbunga Hidaya Mei 2024, siku zile Kusini yote tulifungiwa, bidhaa zikapanda, wagonjwa wakakwama njiani. Msije Oktoba mpaka Desemba maana watu tupo kwenye korosho. Kuanzia Juni ni pazuri, jua lipo la kutosha na ukumbi tutautafuta wenyewe.

Wenu mtiifu,
Fundi sola, Mtwara